Sindano Moja, Maradhi Mawili

(Hotuba ya Karani wa Chama iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Sisi wa Kamati tumepewa nafasi ya kueleza kwa nini twaomba Mkutano huu uifute ile kanuni ya Mfuko wa Wagonjwa isemayo kwamba hapana msaada kwa ugonjwa ambao mtu "ameutafuta mwenyewe". Mwaka huu kanuni hiyo imetajwa mara kwa mara katika habari za vijana wanaojidunga heroini, ile iitwayo unga. Wazazi wao ni wanachama wenzetu, nao hulipa ada zao kama sisi. Jambo hili halifai kuamuliwa kwa hasira, wala kwa huruma peke yake. Yatupasa kwanza tulifahamu.

Unga umekuwako katika Pwani yetu tangu miaka ya 1980. Hapo kwanza wengi waliuvuta kwa moshi. Kisha, kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, wengi wakaanza kujidunga mshipani. Aliyeuzoea akiukosa kwa saa chache hushikwa na arosto: mwili humuuma, hutapika, hutetemeka, wala usingizi haupati. Mtu wa hali hiyo hangoji duka la dawa lifunguliwe. Hutwaa sindano iliyo karibu, ijapokuwa imetoka sasa hivi mkononi mwa mwenziwe. Damu kidogo iliyosalia ndani ya bomba huingia mwilini mwake.

Kwa njia hiyo hupita maradhi mawili. Ya kwanza ni virusi vya Ukimwi. Ya pili ni homa ya ini aina ya C, ambayo virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1989. Homa hiyo hupita katika damu kwa wepesi zaidi, na hata kijiko, pamba na maji yanayotumiwa kwa shirika huweza kuieneza. Mgonjwa aweza kukaa miaka 20 asione dalili yo yote, na huku ini laharibika; baadhi yao mwishowe hupatwa na saratani ya ini. Chanjo yake haijapatikana.

Hesabu ya serikali ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wanaojidunga humu Kenya, wapatao 18 walikuwa na virusi vya Ukimwi. Katika watu wazima wa nchi nzima, hesabu ya mwaka 2012 ilikuta wapatao 6 tu katika 100. Na watu hawa hawakai kisiwani peke yao. Wana wake na waume, na wana watoto.

Wako wasemao: "Kumpa mlevi sindano safi ni kumsaidia katika ulevi wake." Neno hilo lilisemwa sana mwaka 2012, serikali yetu ilipotangaza mpango wa kugawa sindano, na baadhi ya viongozi wa dini waliupinga. Wanaolisema si watu wabaya. Wanachukia unga kama tunavyouchukia sisi. Lakini na tuangalie yaliyowapata wengine.

Katika jimbo la Indiana, huko Marekani, kuna kaunti iitwayo Scott, na ndani yake mji mdogo wa Austin wenye watu wapatao 4,200. Zamani kaunti hiyo haikupata hata wagonjwa wapya 5 wa virusi vya Ukimwi kwa mwaka. Watu wake walikuwa wakisaga vidonge vikali vya kutuliza maumivu na kujidunga, na sheria ya jimbo ilikataza ugawaji wa sindano. Homa ya ini ilitangulia kuenea, na onyo hilo halikusikiwa. Mwaka 2015 walioambukizwa virusi vya Ukimwi walipita 180, na katika kila 10 kati yao, wapatao 9 walikuwa na homa ya ini C pia. Mwaka huo huo Gavana alitangaza hali ya hatari, sindano safi zikaruhusiwa, watu wakapimwa na kutibiwa, na maambukizo mapya yakapungua. Hata hivyo, mwaka 2021 wakuu wa kaunti hiyo walipiga kura kuufunga mpango uliowaokoa. Yaonyesha jinsi binadamu asahauvyo upesi.

Kwetu, dawa ya methadoni ilianza kutolewa katika Hospitali ya Mathari mwezi wa Desemba 2014, kisha Malindi na Kisauni mwaka 2015. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto haimshiki, naye hana haja ya kujidunga. Virusi vya Ukimwi vina vidonge vya kuvizuia. Homa ya ini C, kwa vidonge vya wiki 12 hivi, huponywa kabisa kwa zaidi ya wagonjwa 95 katika 100. Lakini asiyepimwa hatibiwi, na anayeogopa kufukuzwa hapimwi. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi ubaya wa kanuni yetu ni huu: humfundisha mzazi kuficha. Humngoja kijana afe, kisha hutoa fedha za mazishi ambazo zingalitosha nauli yake ya hospitali kwa miezi mingi.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kanuni hiyo ifutwe. Pili, Mfuko ulipe nauli ya mgonjwa aendaye kupimwa au kunywa methadoni, pasipo kumtangaza jina lake. Tatu, wachaguliwe wanachama wawili, mwanamume na mwanamke, wawe wakiwasindikiza wagonjwa wa namna hiyo, maana wengi hurudi mlangoni kwa haya.

Chama hiki ni cha kusaidiana, na kumsaidia asiye na lawama ni rahisi kwa kila mtu. Uamuzi sasa ni wenu.