Mti wa Uani: Maneno juu ya Kuchagua Miti ya Nchi kwa Nyumba Zetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jumuiya, Hai Malakal, Juba

Nafungua kwa jina la Mwenyezi Mungu, na namsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote.



Wasimamizi wa jumuiya wamenitaka niseme machache juu ya miti tuipandayo majumbani mwetu. Huenda baadhi yenu mkaona kuwa jambo hili ni dogo mbele ya mambo makubwa ya dini. Walakini katika mtaa wetu huu si dogo hata kidogo. Lahusu maji tunayoyanunua, afya ya watoto wetu, amani baina ya jirani na jirani, hata na maiti zetu siku ya kuoshwa. Neno langu ni moja: mwenye kiwanja na apande kwanza mti wa nchi hii, na auchague kwa kadiri ya kiwanja chake.

Sote twalijua jua la Juba. Mvua hutujia mwezi wa Aprili na kutuaga Oktoba au Novemba, kisha twabaki na kiangazi kinachozidi ukali mpaka Machi. Mwezi wa Machi 2024 Serikali ilizifunga shule za nchi nzima, kwa kuwa joto lilitazamiwa kufika digrii 45. Februari 2025 zikafungwa tena kwa wiki mbili, baada ya wanafunzi kuzimia hapa Juba. Basi tukitazama nyua zetu twaona nini? Twaona bati juu, ukuta pande zote, na udongo mtupu katikati, ambao huwaka mchana kama kikaango. Feni yamtaka mtu awe na umeme. Kivuli cha mti ni cha tajiri na maskini, nacho hakitaki mafuta.

Jua likizidi, shoka nalo halipumziki. Wengi wetu twapika kwa makaa, na makaa ni miti. Mtu anayetumia makaa kila siku ya maisha yake, naye hajapata kupanda hata mche mmoja, ana deni juu ya ardhi hii.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya mwongozo. Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa Mwislamu akipanda mti, kisha akala katika mti huo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Akafundisha tena kwamba hata Kiyama kikisimama, na mkononi mwa mmoja wetu mna mche, basi kama aweza kuupanda na aupande. Sayyidna Abubakar (r.a.), alipolituma jeshi kwenda Sham, aliwakataza askari wake kukata miti yenye matunda, na habari hiyo imo katika Muwatta ya Imam Malik. Ikiwa katika vita mti una haki, je, katika amani?

Sasa tuulizane: mti wa nchi ni upi? Wengi wakiulizwa hutaja mwembe na mwarobaini, maana ndiyo waliyoikuta tangu utoto wao. Kwa hakika yote miwili asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani yake, nayo ililetwa na watu. Mtiki nao vile vile watoka Asia. Sisemi ing'olewe, la! Mwembe ni chakula cha watoto, na mwarobaini una kivuli na dawa. Nisemalo ni kwamba tusikomee hapo, maana mji wenye aina mbili tu za miti, ugonjwa mmoja waweza kuuacha uchi.

Tena si kila mgeni ni mgeni mwema. Ndugu zetu wa Kenya wanaujua mti unaoitwa mathenge, wenye asili ya Amerika. Ulipandwa Baringo katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ukaenea ukayashika malisho, miiba yake ikaumiza watu na mifugo, na maganda yake yenye sukari yakaharibu meno ya mbuzi. Mnamo 2006 wenyeji walikwenda mahakamani kuishtaki Serikali, wakampeleka na mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Mti huo huo uliletwa Sudani mwaka 1917, na huko nako umekuwa mzigo kwa wakulima. Hebu tujifunze kwa waliotutangulia.

Mti wa nchi sifa yake ni hii: umeyazoea maji yetu machache na jua letu kali. Ukiusaidia kiangazi cha kwanza na cha pili, mizizi ikishika chini, hujitegemea. Hili ni jambo kubwa kwa nyumba inayongoja gari la maji na kununua kwa pipa. Mwenye bustani ya maua ya kigeni hugawana maji ya kunywa na maua yake kila mwaka, ilhali mwenye mkwaju hugawana nao miaka miwili tu. Aidha nyuki na ndege wa hapa wanaijua miti hii, kwa kuwa wamelelewa nayo.

Nitaitaja michache, kila mmoja na mahali pake.

Wa kwanza ni mkunazi wa Sudani, ambao kwa Kiarabu ndio sidiri, na tunda lake ni nabak. Huu hautaki uwanja mkubwa, hustahimili ukame, huzaa matunda matamu, na maua yake hupendwa na nyuki. Nawausia huu kabla ya yote kwa sababu mnayoijua. Binti yake Mtume (s.a.w.) alipofariki, aliwaamuru wanawake waliomwosha watumie maji na majani ya mkunazi, na mwisho kafuri. Nasi twafuata sunna hiyo. Lakini tazameni hali yetu: msiba ukitokea usiku, kijana hutumwa huku na huku kutafuta majani, akikosa hungoja soko la Konyokonyo lifunguliwe, anunue unga uliofungwa katika karatasi uliotoka nchi za mbali. Ni kweli sabuni yatosha, na maiti haoshwi vibaya kwa kukosa mkunazi. Lakini mti wenyewe ni wa nchi hii! Je, haitupasi kuwa nao mmoja karibu na kila msikiti? Katika Sunan ya Abu Dawud imo hadithi inayomwonya vikali mwenye kukata mkunazi, na Abu Dawud mwenyewe alieleza kuwa makusudio ni ule wa nyikani unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, mtu akaukata kwa dhuluma. Ila una miiba, basi usipandwe kando ya njia ya watoto.

Wa pili ni mkwaju, ambao hapa tunda lake huitwa aradeb. Kinywaji chake twakijua sote katika futari ya Ramadhani. Kivuli chake ni kizito na umri wake ni mrefu, hata wajukuu watakaa chini yake. Lakini hukua polepole, na mwisho hufika mita 20 na zaidi. Basi huu ni mti wa kiwanja kipana, au uwanja wa madrasa.

Wa tatu ni mlalobu, ambao Waarabu huuita hijlij. Miiba yake ni mirefu na kivuli chake ni chepesi, lakini haushindwi na kiangazi. Tunda lake watoto hulimumunya, na kokwa yake hutoa mafuta. Wafaa pembeni mwa kiwanja, penye udongo uliochoka.

Wa nne ni lulu, mti wa mafuta yanayojulikana sana na akina mama wa Ikweta. Huu wataka subira, kwa kuwa huenda miaka 15 au zaidi ikapita kabla haujazaa vizuri. Basi ikiwa kiwanjani mwako umeukuta umesimama, usiukate ili kujenga chumba. Sogeza chumba.

Na ipo miti mizuri isiyofaa uani. Mkuyu ni mti wa baraka, walakini mizizi yake hutafuta maji, na ukiwa karibu na kisima, choo au ukuta utavipasua. Mwegea hubeba matunda mazito ya kilo kadhaa, na ole wake aliyelala chini yake. Hiyo na iwe ya kando ya mto na ya viwanja vya wazi.

Sasa vichaka vya wigo. Wengi huweka vipande vya chupa juu ya ukuta, au seng'enge. Mwenye nafasi na ajaribu mtandamboo: una miiba ya kumzuia mwizi, maua meupe yenye harufu nzuri, na matunda ya kula yakiiva. Mhina nao, uliozoea nchi kavu tangu Afrika hadi Bara Hindi, hufanya wigo mzuri ukikatwa katwa, na akina mama hawatanunua hina siku ya harusi wala siku ya Idi. Lakini jihadharini na ule mti wa wigo wenye maua ya njano mfano wa kengele, uliotoka Amerika. Utomvu na mbegu zake ni sumu, na mtoto hajui.

Ama mmea wa kutambaa, nausia mung'unye, ambao asili yake ni Afrika. Upande penye nguzo za kibanda mwanzo wa mvua, na kwa muda mfupi utalifunika paa. Tunda changa ni mboga, na likikomaa huwa kibuyu. Anas bin Malik (r.a.) alisimulia jinsi Mtume (s.a.w.) alivyolipenda mung'unye katika sahani. Na wafasiri wengi wamesema kuwa mmea wa jamii hiyo ndio Mwenyezi Mungu aliomwoteshea Nabii Yunus (a.s.) alipotupwa ufukoni, mgonjwa na bila ya kivuli.

Ndugu zangu, tusisahau haki ya jirani. Nimeitwa mara nyingi kusuluhisha ugomvi ulioanzia katika tawi. Hukumu yake ni nyepesi: anga ya kiwanja ni ya mwenye kiwanja. Tawi lako likivuka ukuta na jirani akachukia, yakupasa ulirudishe au ulikate. Basi kabla ya kuchimba shimo, simama hapo utazame juu na pembeni, ufikiri mti huo utakuwa na ukubwa gani baada ya miaka 20. Uweke mbali na waya za umeme, na mti mkubwa uwe mbali na msingi wa nyumba. Kivuli uelekeze magharibi, maana jua la alasiri ndilo linalochoma kuta.

Wako pia wapangaji miongoni mwetu, na pengine ndio wengi. Mpangaji asipande mti wa kudumu bila ya idhini ya mwenye nyumba, wala asikate alioukuta. Lakini hakosi mlango wa kheri: apande mung'unye kibandani, au alete mche msikitini, na thawabu yake haipungui.

Kupanda kwenyewe si kazi ngumu. Kokwa ya mkunazi ipasuliwe polepole bila ya kuumiza mbegu, na mbegu ya mkwaju irowekwe usiku mmoja, ndipo ziote upesi. Miche ikae mifukoni kivulini mpaka ishike nguvu. Mvua zikishatulia, mwezi wa Mei au Juni, chimba shimo pana, changanya samadi iliyooza, panda, kisha uzungushie miiba. Mbuzi wa Hai Malakal hawana mwenyewe wakati wa kula, ila wakati wa kuuzwa tu. Maji ya udhu yasiyo na sabuni yaelekezwe shinani, wala yasimwagike bure.

Mwisho nina ombi moja. Kila nyumba ipande mti mmoja wa nchi kabla ya mvua kumalizika, na kila madrasa iwe na kitalu kidogo cha mkunazi, watoto wakimwagilia kwa zamu. Mtoto aliyeulea mti hataukata kwa urahisi atakapokuwa mtu mzima. Nchi yetu imeona vita na kuhamahama, na mtu asiye na hakika ya kesho hapandi mkwaju. Basi kupanda mti unaozaa baada ya miaka ni njia yetu ya kusema kwamba twanuia kukaa hapa kwa amani, sisi na watoto wetu, pamoja na jirani zetu wa dini zote.

Mwenyezi Mungu atutakabalie, aiteremshie nchi hii mvua ya kheri, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wassalaam alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.