Mdudu Ndiye Sugu, Si Mwili



Mnamkumbuka mwenzetu aliyevunjika mguu. Alipasuliwa vizuri, lakini kidonda kikakataa kupona. Usaha kila siku. Alidungwa sindano za dawa ya kwanza, akabadilishiwa ya pili, wapi! Ndipo usaha ukapelekwa maabara, tukaambiwa bakteria waliomo ni sugu. Dawa iliyowaweza ilikuwa ya dripu, tena ya bei kali. Tulichanga mara tatu, hata pesa za mradi wa kuku zikaenda.

Siku hizo tulisikia watu wakisema, ati mwili wake umezoea dawa. Wengi wetu tunaamini hivyo. Sivyo. Waliozoea ni bakteria. Na kwa kuwa usugu uko kwa bakteria, unahama naye: kwa mikono isiyonawiwa, kwa shuka, kwa mpira wa mkojo, hadi kwa mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye labda hajameza kapsuli maishani mwake. Watoto wachanga na waliopasuliwa ndio huumia zaidi.

Dawa ikiingia kidogo kidogo, bakteria dhaifu hufa, wagumu hubaki na kuzaana, na hata huwagawia wenzao ugumu huo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya dozi ndogo mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Wanasayansi wanakadiria kwamba mwaka 2019 usugu huu uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Sasa tuulizane bila kuoneana haya. Nani hapa hajanunua kapsuli nne tu dukani kwa sababu pesa ni za nne? Sisi wenyewe tumefanya. Tena kwa mafua, ambayo huletwa na virusi, na dawa hizi haziui virusi hata umeze debe zima. Zikibaki, tunampa jirani!

Basi tumekubaliana hivi. Mwanachama akiandikiwa dozi na asiweze kuinunua yote, amwone mweka hazina kabla ya kununua nusu. Mkopo wa dharura utatoka siku hiyo hiyo. Anayemwuguza mtu wodini abebe sabuni, anawe kabla ya kumgusa na baada. Na daktari akitaka usaha upimwe kwanza, tusinung'unikie pesa ya maabara.

Kidonda cha mwenzetu kilifunga baada ya miezi mitano. Pesa za kuku bado hatujazirudisha.