Chanzo, Nakala na Shahidi: Kuhusu Kukompaili Kivinjari cha Faragha

Miswada ya kale ya Kiswahili iliandikwa kwa hati za Kiarabu, na kila aliyewahi kuinukuu kwa hati za Kirumi anafahamu ugumu wake. Katika uandishi wa mazoea, irabu e na i hazikutofautishwa, wala o na u. Herufi moja iliweza kusimama mahali pa b, p au mb. Kwa hiyo wahariri wawili wenye ujuzi sawa waliweza kuusoma ubeti mmoja na kutoa matini mbili. Ndiyo maana mhariri mwaminifu huuonyesha muswada wenyewe, ili msomaji aweze kuipima nakala kwa chanzo chake.

Programu ya kompyuta nayo ina hali mbili za namna hiyo. Kwanza ni msimbo chanzo, yaani matini iliyoandikwa na binadamu katika lugha ya programu kama vile C++ au Rust, ambayo binadamu mwingine anaweza kuisoma. Pili ni faili tendaji, yaani mfuatano wa tarakimu ambao mashine huutekeleza. Kuigeuza ile ya kwanza kuwa ya pili ndiko kukompaili. Wapo wanaopendelea kusema kukusanya. Neno hilo linawafaa watunga kamusi. Hapa halifai sana, kwa kuwa kinachofanyika si kuleta pamoja vilivyotawanyika bali ni kugeuza umbo. Kutafsiri nako kuna kasoro, kwani mfasiri hupima na kuchagua, ilhali kompaila hufuata kanuni. Aidha, tafsiri nzuri huacha njia ya kurudi kwenye chanzo, lakini katika faili tendaji maelezo ya waandishi hutoweka, na kwa kawaida hata majina waliyoyapa vitu vyao hayabaki.

Kivinjari, kwa upande wake, kimepewa jina stahili. Kitenzi vinjari kina maana ya kuzunguka huku na huku kwa ulinzi au upelelezi, hususan kwa chombo cha baharini. Yamkini waliolichagua jina hili hawakukusudia kuuliza nani anampeleleza nani. Swali hilo ndilo lililozaa vivinjari vya faragha. Mfano ulio wazi zaidi ni Tor Browser, kinachojengwa juu ya msimbo wa Firefox na kupitisha mawasiliano katika vituo kadhaa ili tovuti isijue msomaji yuko wapi, wala mtoa huduma ya intaneti asijue msomaji anasoma nini. Miongoni mwa wanaokitumia wamo waandishi wa habari na watetezi wa haki ambao kwao kosa moja la programu laweza kuwa kifungo.

Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza: faili aliyopakua imetokana kweli na msimbo uliowekwa hadharani? Jibu la haraka ni kwamba akompaili mwenyewe. Jibu hilo lina gharama. Firefox ina mamilioni ya mistari ya msimbo. Maelekezo yake ya ujenzi hutaka nafasi ya gigabaiti 30 katika diski, na kompyuta ya kawaida huweza kushughulika kwa saa kadhaa. Kazi ikiisha, mjenzi atakuwa na kivinjari alichokigeuza mwenyewe kutoka katika matini ambayo hakuisoma, wala hawezi kuisoma yote.

Mwaka 2013, mwaka ambao Edward Snowden alifichua upelelezi mpana wa mawasiliano uliofanywa na serikali ya Marekani na washirika wake, Mike Perry wa mradi wa Tor alilitazama tatizo hili kwa upande mwingine. Hofu yake ilikuwa kompyuta ya mjenzi. Adui akiivamia mashine moja inayokompaili programu ya watu wengi, atakuwa amewapata wote kwa mara moja, na msimbo chanzo utabaki safi, bila doa la kumtia mtu shaka. Tangu toleo la 3.0 la Tor Browser, lililotengenezwa mwaka huo, ujenzi ulipangwa ili wajenzi tofauti, kila mmoja kwa mashine yake, wakianza na msimbo uleule wapate faili zilezile, tarakimu kwa tarakimu. Kila mmoja hupiga muhtasari wa faili yake, mfuatano wa herufi na tarakimu 64, kisha mihutasari hiyo hulinganishwa. Ikitofautiana hata kwa alama moja, ipo sababu ya kutafutwa.

Kupata ulinganifu huo ni kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kompaila hufuata kanuni, lakini mazingira yake huacha alama. Baadhi ya zana huandika ndani ya faili tarehe na saa ya ujenzi. Nyingine hunakili jina la folda ya mjenzi, ambalo mara nyingi ndilo jina lake mwenyewe. Mpangilio wa faili katika diski, saa za mahali, hata lugha iliyowekwa katika kompyuta, kwa kuwa lugha huamua mpangilio wa alfabeti, vyote vyaweza kubadili matokeo. Kila kimoja hakina budi kutafutwa na kufungwa. Wanukuzi wa miswada walijaribu jambo linalofanana nalo walipokubaliana kanuni za kunukuu, ingawa irabu za mshairi hazikuwahi kufungika kwa urahisi huo.

Utaratibu huu una mipaka. Ken Thompson, katika mhadhara wa kupokea Tuzo ya Turing uliochapishwa mwaka 1984, alionyesha jinsi kompaila yenyewe inavyoweza kupandikizwa hila isiyoonekana katika msimbo wowote. Na Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri katika zana iitwayo xz, baada ya kuona kuwa kuingia katika mashine kulichelewa kwa takribani nusu sekunde. Kipande kilichoiamsha hila hiyo kilikuwamo katika furushi la msimbo lililosambazwa kwa wajenzi, lakini hakikuwamo katika hazina ya msimbo iliyo wazi kwa wote. Wajenzi mia wangeweza kulikompaili furushi lile, mihutasari yao ikafanana, na wote wakawa mashahidi wa matini iliyochafuliwa.

Lakini kwa kivinjari cha faragha liko jambo zito zaidi, nalo ni kwamba anayekompaili kwa ajili yake peke yake huweza kujifichua. Mwaka 2010 Peter Eckersley alichapisha utafiti wa vivinjari takribani 470,000. Asilimia 83.6 kati yake vilikuwa na mchanganyiko wa sifa, kama vile fonti, ukubwa wa skrini na saa za mahali, ambao hakuna kingine katika sampuli hiyo kilichokuwa nao. Tor Browser hujikinga kwa kuwafanya watumiaji wake wafanane: huonyesha saa moja kwa wote, na eneo la ukurasa hulipunguza lilingane na vipimo vichache vya pamoja. Mjenzi anayeongeza fonti anayoipenda au kubadili mpangilio hutoka katika kundi na kusimama peke yake. Faida ya kukompaili kwake imo katika kulinganisha muhtasari, kisha kuitumia faili ileile wanayoitumia wengine.

Hapa Kiswahili kinaguswa moja kwa moja. Kivinjari kinapoomba ukurasa hutaja lugha anayoitaka msomaji, na alama sw katika ombi hilo ni adimu. Kwa sababu hiyo Tor Browser huwauliza watumiaji wa matoleo yasiyo ya Kiingereza iwapo wangependa kuomba kurasa kwa Kiingereza, ili wasitambulike kwa urahisi. Anayechagua lugha yake hulipa kwa sehemu ya faragha yake, na gharama hupungua kadiri wanaoichagua wanavyoongezeka. Mtafsiri anayeongeza Kiswahili katika kivinjari alichokompaili chumbani kwake huwa amemtengenezea kila mtumiaji wake alama ya kumtambulisha. Akiipeleka tafsiri kwa wenye mradi, na wao wakaikubali, itajengwa pamoja na za lugha nyingine na wajenzi walewale, na kutoka ikiwa na muhtasari mmoja ambao yeyote aweza kuukagua.