Mbegu ya Perege Madume: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kununua

Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vyenye mabwawa ya samaki



Mwanachama anayechimba bwawa na kupandikiza perege hutarajia kupata kitoweo na ziada ya kuuza. Mara nyingi, siku ya kuvua, hukuta samaki wengi mno, lakini wadogo kama vidole. Lawama hutupiwa chakula au maji. Aghalabu chanzo ni kingine: bwawani mna majike na madume pamoja. Perege jike huanza kuzaa angali mdogo, pengine akiwa na miezi mitatu tu. Huatamia mayai kinywani, na wakati huo hali vizuri. Watoto nao hugombania chakula na wazazi wao. Dume hukua upesi zaidi, na ndiyo sababu mbegu ya madume watupu hutafutwa.

Je, udume wa samaki hutoka wapi? Wafugaji wa Ugogo wataelewa kwa mfano wa zizini. Ng'ombe jike ana kromosomu mbili za X. Fahali ana X moja na Y moja. Mama hutoa X daima, hivyo baba ndiye anayeamua kama ndama atakuwa dume au jike. Sato wa Ziwa Victoria na perege wa Msumbiji hufuata kanuni hiyo. Perege wa mto Wami ni kinyume, naye hufanana na kuku: dume ana Z mbili, jike ana Z na W, na mama ndiye mwamuzi.

Tofauti hiyo ilidhihirika mbali na hapa. Perege wa Wami alikuwa amepelekwa Unguja, na kutoka Unguja akafikishwa Malacca, katika nchi ya Malaysia ya leo. Huko mtaalamu C. F. Hickling aliwapandisha madume wa asili hiyo kwa majike wa perege wa Msumbiji, na mwaka 1960 akatangaza kuwa watoto wote walikuwa madume. Alipogeuza wazazi, walipatikana takriban madume watatu kwa kila jike mmoja. Sababu ni wazi. Katika uzazi wa kwanza mama hana cha kutoa ila X, na baba hana cha kutoa ila Z. Kila mtoto hupata X na Z, naye huwa dume.

Wakazi wa Dodoma wana fungu katika habari hii. Mto Kinyasungwe, ambao maji yake yamezuiwa Hombolo, ni miongoni mwa mito inayoulisha Wami.

Leo mbegu ya madume hupatikana hasa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuwachambua vifaranga kwa mkono wanapofikia gramu 20 au 30, kwa kutazama matundu chini ya tumbo: dume ana mawili, jike matatu. Ya pili ni kuchanganya asili mbili, kama alivyofanya Hickling. Ya tatu ni kuwalisha vifaranga wachanga chakula chenye homoni ya kiume kwa muda wa wiki tatu au nne, kabla tezi zao za uzazi hazijakomaa. Hata joto la maji la nyuzi 36 hivi, likiwapata wangali wachanga kabisa, huongeza idadi ya madume wa sato.

Hapa ndipo penye hatari. Homoni hubadili mwili, haibadili kromosomu. Sato aliyezaliwa na X mbili akafanywa dume bado hana Y ya kurithisha. Mwanachama akimweka kuwa mzazi pamoja na jike wa kawaida, karibu watoto wote watakuwa majike. Kadhalika, njia ya kuchanganya asili hufaulu tu wazazi wakiwa safi. Damu zikishaingiliana, majike huonekana tena, na fedha za chama hupotea bwawani.

Hasara haiishii bwawani. Uchunguzi uliofanywa katika maji ya Tanzania umeonyesha sato aliyehamishwa akizaana na perege wenyeji. Mafuriko yakibomoa kingo za bwawa, samaki wa kigeni huingia mtoni, na asili ya Wami yenyewe yaweza kupotea.

Kwa hiyo katibu anayeagiza mbegu amwulize mwuzaji maswali matatu: ni samaki wa asili gani, udume wao umepatikana kwa njia ipi, na wazazi wao walitoka wapi? Majibu yaandikwe katika daftari la chama pamoja na tarehe na idadi ya vifaranga. Vifaranga vya homoni visifanywe wazazi. Msimu ukiisha, wavuliwe wote na mbegu mpya inunuliwe. Nao wanachama waimarishe kingo na kuweka wavu kwenye mfereji wa kutolea maji kabla ya mvua za masika kuanza.