Mizani ya Wanazuoni: Mhadhara wa Umma, Bwiza



Mwaka 1964, ambao ndio mwaka kilipoundwa chuo kikuu cha mji wetu, Mmarekani Eugene Garfield alikuwa akitoa huko Philadelphia daftari la ajabu, lisiloandika mwanazuoni kasema nini bali nani kamtaja nani. Na tangu hapo, kidogo kidogo, cheo cha mtu wa elimu kikaanza kukadiriwa kwa wingi wa wale wayarejeao maandishi yake. Mwaka 2005 mwanafizikia wa California, Jorge Hirsch, akaifupisha hesabu hiyo ikawa tarakimu moja: mwenye makala 10 ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara 10, daraja yake ni 10, naye asipopata 11 zilizotajwa mara 11 hubaki papo hapo, hata kama mojawapo imetajwa mara elfu.

Ni hesabu nyepesi, na wepesi wake ndio uliowateka wakuu wa vyuo, maana kamati isiyo na wasaa wa kusoma hupata kwayo la kusema. Lakini daftari halihesabu ila kilichomo ndani yake, na madaftari haya yalianza kwa majarida, aghalabu ya Kiingereza na ya sayansi ya maumbile, ilhali historia ya nchi hii imeandikwa zaidi katika vitabu, tena kwa Kifaransa. Mwanahistoria Émile Mworoha alichapisha mwaka 1977 kitabu chake juu ya watu na wafalme wa Afrika ya maziwa, na mwaka 1987 akasimamia, pamoja na wenzake, historia ya Burundi hadi mwisho wa karne ya 19; mwanafunzi wetu wa historia hana njia ya kuvikwepa, lakini tasnifu anamovitaja hubaki rafuni, na kwa daftari ni kana kwamba haikuandikwa.

Lakini kuhesabu siyo mizani pekee: wakusanyaji wa hadithi za Mtume, waliotutangulia kwa zaidi ya miaka elfu, hawakutosheka na wingi wa njia za upokezi; walimchungua kila mpokezi, uadilifu wake, hifadhi yake, na kama kweli alikutana na yule aliyepokea kwake.

Uchunguzi huo ungetufaa hasa katika ushirika wa uandishi. Mwaka 2015 ilitoka makala moja ya fizikia yenye waandishi zaidi ya 5,000, na kila mmoja huhesabiwa sawa na mwenzake. Mtafiti wetu naye, akitiwa katikati ya orodha ndefu ya wageni, huonekana ana washirika dunia nzima; nani aliyeliunda swali, nani aliyeshika fedha, hayo hayaulizwi.

Wahariri na wachapishaji wa majarida waliokutana San Francisco mwaka 2012 walishauri kwamba kipimo cha jarida kisifanywe kipimo cha mtu. Mimi naziomba kamati zetu zaidi ya hapo: mwenye kutaka cheo alete maandishi matatu, aeleze sehemu yake katika kila moja, na wanaomhukumu wayasome, kisha watie sahihi chini ya sababu zao.