Chumba na Sufuria ni Hesabu Moja

(Mazungumzo kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vinavyosomesha vijana wa chuo kikuu)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya karo. Karo mnaijua. Tumekuja kuzungumza juu ya sahani ya mtoto wetu akishafika chuo kikuu. Ataipata wapi? Nani atampikia? Na wiki ya tisa, itakuwa bado ina kitu?

Tuanze kwa kukiri kosa. Binti wa kikundi kimoja cha hapa kwetu alipoitwa chuoni, wanakikundi walichanga shilingi 30,000. Wakaja ofisini kutuuliza alale wapi. Sisi tukajibu haraka: "Apange chumba nje, ajipikie, ni rahisi." Siku ya kumuaga akapewa pesa zote, tukapiga makofi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi minne mbele, 16,000. Godoro, mtungi wa gesi, sufuria na nauli zikala 9,000. Akabaki na 5,000 za kula wiki kumi na tano. Kufikia wiki ya sita alikuwa anakula mara moja kwa siku, na jioni ni chai ya rangi tu. Hakutuambia. Aliona haya, kwa maana tulikuwa tumeshampigia makofi. Aliyempigia mama yake simu ni jirani wa chumba cha pili, siku binti alipoanguka darasani.

Binti huyo yuko salama na anaendelea na masomo. Lakini hatukumpigia hesabu vizuri. Tulihesabu chumba, tukasahau sufuria.

Wazee wengine hapa watasema, "Si chuo kinawalisha?" Zamani ilikuwa hivyo. Serikali ilimlaza na kumlisha mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma. Katika miaka ya 1990 mambo yakageuka, mwanafunzi akawa analipia sahani anayokula. Leo njia ni tatu.

Ya kwanza ni hosteli ya ndani ya chuo, na kula mesi kwa kulipia kila sahani. Ya pili ni hosteli inayopika, mara nyingi ya watu binafsi au ya mashirika ya dini. Hapo chumba na chakula hulipwa pamoja. Ya tatu ni chumba cha nje na kujipikia.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Kila mahali pana bei yake, kwa hiyo ninyi mtaweka zenu. Muhula tuuhesabu wiki 15, yaani siku 105. Anayekula mesi, tuseme chai na mandazi 40, mchana 100, jioni 100. Hizo ni 240 kwa siku, na kwa muhula ni 25,200. Kitanda cha ndani tuseme 6,000. Jumla 31,200.

Anayejipikia, tuseme 900 kwa wiki pamoja na gesi. Kwa muhula ni 13,500. Kodi 4,000 kwa miezi minne ni 16,000. Vyombo vya kuanzia 5,000. Jumla 34,500. Mmeona? Muhula wa kwanza, kile tulichokiita rahisi ndicho ghali. Muhula wa pili vyombo vipo tayari, inashuka hadi 29,500. Na kama kikundi kitatuma mahindi, maharagwe na ndengu kutoka shambani, inashuka zaidi. Hiyo ndiyo nguvu ya kujipikia kwetu sisi watu wa shamba: mchango wetu unaweza kuwa debe, si lazima uwe noti.

Hosteli inayopika ikidai 36,000, msikimbie kabla ya kuuliza. Je, wanapika Jumamosi na Jumapili? Anayetoka darasani saa mbili usiku huwekewa chakula? Akienda nyumbani wiki mbili, pesa hurudi? Majibu yakiwa mazuri, mmenunua usalama, kwa sababu pesa iliyokwisha kulipwa kwa chakula haiwezi kununua viatu.

Tena muulizeni kijana mwenyewe. Anajua kupika? Wavulana pia waulizwe, maana wengine hawajawahi kuosha hata sufuria. Masomo yake yanamwacha na nafasi? Githeri haipikwi kwa dakika kumi. Maharagwe yalowekwe usiku kucha ili yaive upesi na gesi isiishe bure.

Jambo lingine ni la uhai. Hosteli nyingi za ndani hazikubali kupika chumbani. Koili ya umeme inaweza kuchoma jengo, na mtoto akikamatwa nayo anaweza kufukuzwa hosteli. Msihesabu kwamba atapika kwa kujificha. Na huko nje, jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, hata kama kuna baridi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke.

Basi tunaomba kila kikundi kifanye hivi. Moja, andikeni chumba na chakula kwenye karatasi moja kabla ya kuamua. Mbili, msimpe kijana pesa ya chakula yote siku moja. Itumwe kwa simu kila wiki mbili. Tatu, mkopo wa HELB msiuhesabu mpaka uingie. Nne, chagueni mtu mmoja, mama au baba ambaye kijana hamwogopi, ampigie simu kila Jumapili amuulize swali moja tu: "Jana ulikula nini?" Asimuulize kama yuko sawa. Kila kijana husema yuko sawa.

Makofi tutapiga siku ya kuhitimu. Kabla ya hapo, tujaze sahani.

Sasa toeni karatasi na kalamu, tuanze na hesabu za kikundi cha kwanza.