Kumhudumia Mgonjwa Nyumbani ni Fani

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika, Igowole)

 

Tunakumbuka tulikotoka. Utafiti wa kitaifa wa 2007-08 ulionyesha kuwa Mkoa wa Iringa, ukiwa bado pamoja na Njombe, ulikuwa na watu wazima karibu 16 kati ya kila 100 wanaoishi na VVU. Miaka hiyo waliowaosha na kuwalisha wagonjwa majumbani walikuwa akina mama, bibi na hata watoto wa shule, mara nyingi bila glovu.

Leo dawa zipo na wengi wanaishi. Lakini majumbani bado kuna wazee, waliopooza kwa kiharusi na watoto wenye ulemavu.

Wapo wasemao kazi hii inataka moyo tu. Moyo ni lazima, ila hautoshi. Asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa takribani kila saa 2, la sivyo atapata vidonda vya mgandamizo. Aliyepooza hainuliwi kwa kuvutwa mkono, maana bega linaweza kuteguka. Hulishwa akiwa ameketi, asije akapaliwa. Mhudumu ajue pia kujikinga, kutunza siri, na kutambua dalili za kumwahisha mgonjwa zahanati. Haya yanafundishwa, tena kwa vitendo.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwapata 137,294 katika miaka 5. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, mhudumu mwenye kaya nyingi hawezi kushinda na mgonjwa mmoja. Pengo hilo ndilo letu.

Naomba mambo matatu. Kwanza, kila usharika uchague vijana wa kike na wa kiume. Mzigo huu usiwe wa akina mama peke yao. Pili, mafunzo yafike wodini, chini ya muuguzi. Tatu, bajeti iwe na posho. Tumezoea kununua sabuni na magodoro, kisha mhudumu tunamwambia Mungu atamlipa. Naye ana watoto wa kulisha, na vibarua vya chai vinamngoja. Asipopata kitu ataacha, na gharama ya mafunzo itakuwa imepotea.

Kamati zijadili hili kabla ya kupitisha bajeti.